Nafasi Moja Kati ya Wema na Juu

Mvua za Elnino ziliponyesha, Garsen ilizungukwa na maji pande zote. Basi la Lamu lilikuwa halipiti kabisa. La Malindi lilikuwa likifika pale barabara inapozama, linashusha watu, linageuza. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, mtoto wa Wema, Mpokomo, nimerudi kutoka Malindi na cheti cha kupiga chapa na kozi ya miezi mitatu ya kompyuta. Kwa karatasi hizo mbili niliajiriwa na ofisi ndogo ya misaada iliyofunguliwa nyuma ya maduka, katika jengo la mabati lililokuwa zamani ghala la ngozi. Harufu ya ngozi haikutoka hata siku moja. Ilikaa kwenye nguo zangu, kwenye nywele, hata kwenye karatasi za printa.

Kazi yangu ilikuwa moja: orodha. Wenzangu walizunguka kwa boti kwenye kambi za watu waliokimbia mafuriko, wakaandika majina ya wakuu wa kaya kwenye daftari, wakaniletea madaftari yamelowa pembeni. Mimi niliyaingiza kwenye kompyuta, kila kambi na faili yake. Majina ya mbali, kama ya Kinakomba huko juu ya mto, tuliyapokea kwa redio ya upepo, herufi moja moja, sauti ikipotea na kurudi. Kila Jumatano asubuhi nilitoa orodha moja ya kambi zote. Magunia yalipakiwa kwenye boti kwa kufuata orodha hiyo. Asiyekuwemo, gunia lake halikupakiwa.

Mtambo wa kutoa orodha ile sikuutengeneza mimi. Fundi mmoja kutoka Malindi aliutengeneza kabla barabara haijakatika. Alinionyesha kitufe alichokiweka juu ya skrini, ndani ya programu ya kuandikia barua, akasema kinaitwa makro. Maana yake ni maagizo mengi yaliyofungwa pamoja: unabonyeza mara moja, nayo yanafuatana yenyewe. Makro ile iliita programu nyingine, ya zamani, ile ya dirisha jeusi isiyotumia picha wala kipanya, ambayo unaiamrisha kwa kuandika maneno. Iliipa majina ya faili zote za kambi katika mstari mmoja. Programu ile ilizisoma faili, ikapanga majina, ikafuta yaliyojirudia, ikaandika orodha moja. Kisha makro ikaifungua orodha, ikaweka tarehe ya siku ile juu yake, ikaipeleka kwenye printa.

"Wewe bonyeza tu," fundi aliniambia akifunga mkoba wake. "Usiguse ndani."

Nami sikugusa. Kila nilipobonyeza, dirisha jeusi lilitokea katikati ya skrini, likaonyesha maandishi meupe kwa muda wa kupepesa jicho, likafungika. Sikuwahi kujiuliza yale maandishi yalisema nini. Nilifurahi kusikia printa ikianza kulia.

Maji yalipozidi, familia za Waorma waliokuwa wakichunga nyanda za nyuma ya Wema walihamia kwenye mwinuko mmoja juu ya kijiji, na ng'ombe wachache waliowabakia. Mwenzetu alikwenda akawaandika, akarudi na daftari lenye majina yao. Juu ya ukurasa aliandika "Wema Juu." Nikafungua faili mpya, nikaipa jina hilo hilo, nikaliongeza kwenye mstari wa makro, mahali pekee fundi aliponiruhusu kugusa, nikaendelea na kazi.

Wiki mbili baadaye, siku ya Alhamisi, alikuja ofisini mama mmoja wa Kiorma. Alikuwa mtu mzima sana, mrefu, amejifunga shuka nyeusi, miguu ina tope mpaka magotini. Alikuwa amepanda mtumbwi kutoka Wema, na mahali ambapo mtumbwi haukupita alitembea ndani ya maji. Alisimama mlangoni mpaka nilipomkaribisha.

"Mimi naandikwa," aliniambia. "Mtu yenu alikuja na kalamu. Aliuliza jina, nikampa. Boti inakuja mara mbili. Wengine wanaitwa, sisi hapana."

Nilichukua orodha ya jana yake, nikaipitia kwa kidole kutoka juu hadi chini. Hakuwemo.

"Mama, jina lako halimo."

"Naandikwa, mwanangu."

"Labda mliandikwa kwa jina la mzee."

"Mzee anaumwa. Analala tu. Jina ni langu."

Nikageuza karatasi ili naye aione, ingawa nilijua hawezi kusoma. Nilimwonyesha kama mtu anayeonyesha ushahidi. "Kompyuta ndiyo inayopanga, mama. Kama mtu ameandikwa, anatoka hapa."

Aliitazama ile karatasi, kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama karatasi. Akasema, "Sawa," akaondoka.

Ningeweza kufungua daftari. Lilikuwa kwenye rafu nyuma yangu, hata mkono haukuhitaji kunyooka. Sikulifungua. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kwa nini, na jibu ninalolipata ni dogo mno: niliamini kilichochapishwa.

Jumatano iliyofuata boti ilikwenda, na Alhamisi yule mama akaja tena. Safari hii alifuatana na kijana wa ukoo wao, mtu wa kama miaka thelathini, anayejua Kiswahili vizuri. Hakukaa. Alisema akiwa amesimama:

"Dada, wewe ni wa Wema?"

"Ndiyo."

"Wa Wema wote wamepata. Wa Wema Juu hakuna hata mmoja. Hata mmoja! Wale ni Wapokomo, sisi ni Waorma. Na anayeandika orodha ni wewe. Sasa sisi tuelewe nini?"

Nikaanza kusema kwamba mimi sibagui, kwamba nimesoma na Waorma, kwamba mashine haijui kabila la mtu. Yule mama akamshika kijana mkono, akamwambia maneno kwa Kiorma. Lakini neno moja la yule kijana lilikuwa limeshaniingia. Hata mmoja. Mtu mmoja kusahauliwa ni kosa la mwandishi. Kambi nzima kutoweka ni kitu kingine.

Walipoondoka nililitoa daftari. Majina yao yote yalikuwemo, ukurasa baada ya ukurasa, na jina la yule mama lilikuwa la nne kutoka juu. Nikafungua faili yangu ya Wema Juu kwenye kompyuta. Yalikuwemo pia, nimeyaingiza kwa vidole vyangu mwenyewe. Nikabonyeza kitufe, nikatazama orodha iliyotoka. Wema ipo. Wema Juu haipo. Majina yalikuwa yakiingia mlango mmoja na hayatoki upande wa pili.

Nikaenda kwa mkuu wa ofisi, bwana mmoja mtu wa bara, makini, anayependa kila kitu kiwe kwenye faili yake. Nilimweleza.

"Fundi alisema usiguse," alinijibu.

"Fundi yuko Malindi, bwana mkubwa. Simu haiendi."

"Basi subiri maji yapungue."

"Watu wa Wema Juu hawapati chakula."

Aliinua kichwa. Alifikiri kidogo, akasema, "Gusa. Lakini ukiharibu, nitaandika kwamba ni wewe."

Ijumaa yote nilikaa na mashine ile. Jenereta tuliiwasha asubuhi hadi saa saba mchana tu, dizeli ilikuwa ya kubana, kwa hiyo nilijua saa nilizonazo. Kwanza nilijaribu kulisoma lile dirisha jeusi. Nilibonyeza kitufe huku nimekodoa macho, mara kumi, mara ishirini. Nilipata kuona kwamba kuna mistari miwili ya maandishi, na ya pili ilikuwa fupi. Basi. Dirisha lilifungika kila mara kabla sijashika neno.

Ndipo nikaisoma makro yote, hata mahali nilipokatazwa. Niliona mistari mingi ya Kiingereza cha kompyuta, mingi sikuielewa. Lakini mmoja niliutambua, ule ule niliouongezea jina: ulikuwa na jina la ile programu ya zamani, na baada yake majina ya kambi yamepangwa kama foleni. Nikaunakili mstari ule kwenye karatasi kwa kalamu, herufi kwa herufi. Kisha nikafungua dirisha jeusi mimi mwenyewe, nikauandika ule mstari kwa mkono. Nilifikiri hivi: kama makro ndiyo inayolifungua dirisha, makro ndiyo inayolifunga. Nikilifungua mimi, halitafungika mpaka nitake.

Mahali pa jina la matokeo niliandika JARIBU, ili nisiharibu faili ya kazi. Nikabonyeza. Dirisha likabaki wazi, na maandishi yakakaa. Mstari wa pili ulisema, kwa Kiingereza, kwamba faili iitwayo JUU haipatikani.

Kisha nikatazama tena karatasi yangu. GARSEN, KINAKOMB, WEMA, WEMA JUU. Fundi alikuwa amelikata jina la Kinakomba, ameliacha bila herufi ya mwisho, nami siku ile nilimcheka kwamba hajui kuandika majina ya kwetu. Kumbe alikuwa na sababu. Programu ile ya zamani ilijua majina mafupi tu, yasiyozidi herufi nane, yasiyo na nafasi ndani yake. Ilipokutana na nafasi ilidhani jina limekwisha. Kwa hiyo WEMA JUU haikuwa kambi moja mbele yake, ilikuwa mbili: WEMA, na nyingine iitwayo JUU. Ikaisoma Wema mara ya pili, ikaona majina yamejirudia, ikayafuta kama ilivyofundishwa. Ikaitafuta JUU, isiione, ikalalamika kwa sekunde moja kwenye dirisha ambalo halisomwi na mtu, ikaendelea. Orodha ikatoka safi, haina hata doa la kukufanya uitilie shaka.

Kosa lilikuwa langu. Nilibonyeza kitufe cha nafasi kwa kidole gumba mara moja kati ya neno na neno, wakati WEMAJUU ni herufi saba na ingetosha.

Nikabadilisha jina la faili na lile la ndani ya makro, nikajaribu tena kwa mkono. Hakuna malalamiko. Nikaifungua JARIBU, nikawaona wote, na yule mama yumo. Nililia kidogo, peke yangu, kisha nikazima mashine kabla jenereta haijazimwa. Siku ile ile nilimtumia salamu kwa mtu wa mtumbwi anayekwenda Wema: mwambie mama kosa limeonekana, Jumatano nitakuja mwenyewe na boti.

Jumatano ilifika na mvua. Jumanne yake redio ilikuwa imeleta majina mapya mengi ya huko juu ya mto, nami niliyaingiza yote. Asubuhi mpakizi wa boti alisimama mlangoni akiniharakisha, maji yanavuta, tukichelewa hatutarudi leo. Nikabonyeza kitufe. Dirisha jeusi likatokea. Makro ikafungua orodha, printa ikalia. Nilitazama tarehe ya juu, ilikuwa ya siku ile. Nikampa mpakizi nakala moja apakie magunia, yangu nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaenda nyumbani kufunga kanga na kuvaa viatu vya mpira.

Boti ilipita juu ya mashamba. Mahali nilipolima na bibi yangu nikiwa mtoto palikuwa na maji ya rangi ya chai, na vilele vya mahindi yaliyooza. Tulipofika Wema nilipanda mwinukoni pamoja na msimamizi wa ugawaji. Watu wa Wema na wa Wema Juu walikuwa wamekusanyika, makundi mawili, nafasi kati yao. Yule mama alikuwa mbele ya kundi lake. Alinipungia mkono. Nami nikampungia.

Msimamizi alisoma majina ya Wema kwenye nakala yangu, watu wakatoka mmoja mmoja. Alipomaliza, akageuza karatasi. Akageuza tena.

"Imeisha," alisema.

"Haijaisha. Kuna Wema Juu."

Alinipa karatasi. Ilikuwa orodha ya wiki iliyopita. Majina yale yale, mpangilio ule ule, hata majina mapya ya redio hayakuwemo. Kilichokuwa kipya ni tarehe tu.

Nilisikia maji yakipita chini kule, na mtoto akikohoa. Yule kijana wa ukoo wa mama alikuwa ameshaanza kupaza sauti, na wengine nyuma yake. Nilisogea mbele, nikasema kwa nguvu:

"Kosa ni langu. Nyinyi mmeandikwa. Majina yenu ninayo ofisini. Mimi ndiye niliyekosea, si mtu mwingine."

"Mara ya nne!" kijana alisema. "Mara ya nne unatusomea majina ya watu wenu."

Nilimwomba msimamizi kalamu, nikageuza orodha ile nyuma, nikaanza kuyaandika majina niliyoyakumbuka, na nisiyoyakumbuka waliniambia. Lakini kuandika hakukuleta gunia. Boti ilikuwa imepakiwa kwa hesabu ya karatasi, na yaliyobaki yalikuwa ya kambi za mbele. Baadhi ya watu wa Wema, akiwemo shangazi yangu, waligawanya mahindi yao na jirani wa upande wa pili. Wengine walibeba yao wakaondoka bila kugeuka. Wote, waliogawa na wasiogawa, niliwaelewa.

Nilipomfikia yule mama kuliandika jina lake, nilimuuliza hali ya mzee.

"Mzee alikwenda," alisema.

Nilidhani ni kwenda mahali. "Alikwenda wapi, mama?"

"Jumamosi. Tumezika hapo nyuma. Homa."

Homa ilikuwa imeua watu wengi na ng'ombe wengi msimu ule, waliokula na wasiokula. Hilo nililijua wakati ule na ninalijua sasa. Halikunisaidia. Nilimwambia pole, naye akaipokea, akanitajia jina lake polepole ili nisikosee kuliandika.

Alhamisi asubuhi niliwahi ofisini. Nilichukua mstari ule, nikauandika tena kwa mkono kwenye dirisha jeusi, na safari hii nilitazama saa ya ukutani. Programu ilichukua sekunde nane. Nikaingia ndani ya makro, nikatafuta mpaka nikaona mahali fundi alipoandika kwamba baada ya kuiita programu isubiri sekunde tano, kisha ifungue matokeo. Makro haikujua kama kazi imekwisha. Ilihesabu tu tano, ikafungua faili iliyopo. Wakati wa fundi, majina yakiwa machache, tano zilitosha na kubaki. Nilipoongeza Wema Juu na wale wa redio hazikutosha tena, na faili iliyokuwepo wakati ule ilikuwa ile ya wiki iliyopita.

Sikujua lugha ya makro vya kutosha kuifundisha kusubiri vizuri. Nilichoweza ni hiki: niliongeza mstari wa kufuta matokeo ya zamani kabla ya kuanza, na hizo tano nikazifanya sitini. Kwamba ikikosa, ikose waziwazi, isifungue kitu kabisa. Nikachapisha, nikaisoma karatasi yote kwa mdomo huku nimeshika madaftari mkono wa pili. Boti ilikwenda Wema Juu siku hiyo hiyo. Sikwenda nayo. Niliogopa.

Maji yalipopungua fundi alikuja. Nilimsimulia, naye akasikiliza akitikisa kichwa, akacheka, si kwa ubaya, cheko la mtu wa kazi anayesikia jambo la kazi.

"Nafasi," alisema. "Ninyi mliozoea mashine mpya mnapenda nafasi. Na ile ya kutosubiri, hiyo ni kawaida sana. Tatizo dogo."

"Kwa wale watu halikuwa dogo."

Aliacha kucheka. "Ungeniandikia," alisema. Kisha akakumbuka kwamba hakukuwa na njia, akainama kwenye kibodi.

Mkuu wa ofisi aliniita wiki ile nimletee maelezo ya kuweka kwenye ripoti. Niliandika ukurasa mmoja. Niliandika kwamba faili niliipa jina vibaya, kwamba mhusika alikuja kulalamika na sikufungua daftari mpaka aliporudi mara ya pili, kwamba Jumatano ya nne sikuisoma orodha kabla haijatoka. Aliusoma mbele yangu, akachukua kalamu nyekundu.

"Huu ni mrefu," alisema. "Wakubwa hawataki hadithi. Andika, hitilafu ya mashine, imerekebishwa."

"Lakini si mashine, bwana mkubwa."

"Unataka waseme Mpokomo aliwafuta Waorma? Unataka hilo liwe kwenye karatasi, hapa mnakogombania mto na malisho, mwaka huu? Fikiri."

Nilifikiri. Alisema kweli kuhusu hatari, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo, kwamba nilipata sababu nzuri ya kufanya jambo lililonifaa mimi. Nilirudi kwenye meza yangu, nikapiga chapa maneno yale manne, nikaisoma karatasi mara mbili kama nilivyokuwa nimejifunza kufanya, na nikatia sahihi.